Miaka Yangu Kwenye Tanuri la Mbao, Ilemela

Neema na wenzake wameniomba niandike jinsi tulivyoanza kuoka mbao pale karakana, maana wao walikuta mambo yamekaa sawa na wanadhani yalizaliwa hivyo. Nimestaafu majuzi na muda ninao. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Anayetaka hayo aende ofisini akaulize, na akipewa majibu aje aniambie na mimi.

Nilifika Mwanza kutoka Muleba nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikakaa kwa shangazi yangu. Shangazi alifahamiana kanisani na karani wa karakana ya Bosi Nurdin, na karani ndiye aliyeniombea kazi. Karakana ilikuwa kando ya ziwa, Ilemela, chini ya mwamba mkubwa. Upande wa pili wa uzio kulikuwa na mwalo mdogo ambapo akina mama walinunua dagaa kutoka kwenye mitumbwi na kuwaanika. Familia ya Bosi Nurdin ilikuwa imeuza mbao Mwanza tangu enzi za babu yake. Mimi nilivaa sketi yangu nzuri nikijua nakwenda kupokea simu. Karani akanitazama, akanionyesha uani, akasema, "Kamwone Fundi Masalu."

Fundi Masalu alikuwa Msukuma mrefu, mkimya, aliyetembea na penseli nyuma ya sikio hata siku ya Jumapili. Nilimkuta ameinama kwenye rundo la mbao.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umewahi kupanga mbao?"

"Sijawahi."

"Afadhali. Waliowahi ndio wanaonisumbua."

Kupanga mbao mnakujua, lakini nitasema kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Mbao mbichi hailazwi juu ya mwenzake. Katikati unaweka vijiti ili hewa ipite, na kila kijiti kinakaa juu kabisa ya kijiti cha chini yake, kama matofali ya nguzo. Kijiti kikikaa pembeni, mbao inabonyea, inakauka imebonyea, na hakuna mtu duniani atakayeinyoosha tena. Nilipanga rundo langu la kwanza mpaka mchana. Masalu akaja, akafumba jicho moja, akalitazama kwa ubavu, kisha akaanza kulibomoa. Nilipanga tena. Akabomoa tena. Jioni nilikwenda nyuma ya stoo nikalia, na sketi ilikuwa imechanika. Nilipotoka alikuwa ananisubiri getini.

"Koku, mistari ya chini ilikuwa mizuri," akasema. "Kesho vaa suruali."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kwa miaka kadhaa nilipanga, nikapangua, nikajifunza kusikiliza mbao. Masalu alikuwa anagonga ubao kwa kifundo cha kidole na kusema kama umekauka. Mimi mwanzoni nilisikia "ko" tu kila mahali.

Tanuri lilikuja wakati mbao ngumu zilipoanza kuwa adimu. Watu waliojenga hoteli na nyumba kando ya ziwa walitaka mninga na mkongo kwa baraza zao, lakini magogo hayo yalikuwa hayapatikani tena kirahisi. Kilichokuwepo kwa wingi ni paini, na paini ikinyeshewa misimu michache inaoza kama mkate. Karim, mtoto mkubwa wa Bosi Nurdin, alikuwa amesomea uhandisi. Yeye ndiye aliyesikia kwamba nchi za baridi huko mbali watu wanaoka paini kwenye mvuke ili idumu nje. Wakanunua tanuri lililotumika, likaja kwa vipande, na mtaalamu mmoja wa Kizungu akaja nalo. Alitufundisha, akaugua malaria, akapona, akaondoka. Tukabaki na tanuri.

Jambo lenyewe si uchawi. Mbao inakaushwa kwanza mpaka isibaki na maji. Kisha tanuri linapandishwa joto pole pole mpaka zaidi ya digrii mia mbili. Kwa joto hilo mbao ingewaka yenyewe, kwa hiyo unalijaza tanuri mvuke, na mvuke unaisukuma hewa nje. Pasipo hewa hapana moto. Baadaye unalipoza taratibu, na mbao inatoka na rangi ya kahawia hadi moyoni, ikinuka kama buni iliyoachwa kwenye kikaango. Mbao hiyo hainywi maji ovyo, haipindi, na wadudu hawaoni cha kula ndani yake. Lakini ujue umeondoa kitu. Inakuwa kavu na inavunjika upesi. Haifai kubeba paa, haifukiwi ardhini, na hupigi msumari bila kutoboa kwanza kwa drili. Wateja wanapenda kusikia nusu ya kwanza ya maelezo haya. Kazi yenu ni kuwasomea na nusu ya pili.

Shehena ya kwanza tuliipika mpaka ikapasuka. Ya pili ilitoka nyeusi pembeni na mbichi katikati. Masalu alikata ubao mmoja, akautazama, akasema, "Kama chapati ya bachela." Karim hakukasirika. Alikaa chini naye kwenye maranda, mmoja na vipimo vyake na mwingine na kifundo chake cha kidole, wakajadiliana mpaka wakagundua kwamba tulikuwa tunachanganya mbao za unene tofauti, na kwamba nyingine zilikuwa hazijakauka sawasawa. Kuanzia hapo mimi nikapewa kazi ya kuchagua mbao kabla ya kuingia, kisha kulisimamia tanuri lenyewe. Ndipo nilipoanza kuitwa Mama Tanuri, wakati hata mtoto nilikuwa sina.

Kazi iliyotupa jina mjini ilitokana na bibi harusi. Bi Zubeda alikuwa na saluni Nyamagana, na akajenga chumba cha sauna kwa ajili ya maharusi. Mimi nilishangaa. Mwanza ilivyo, mtu akitaka kutoka jasho anasimama tu stendi saa saba mchana. Lakini chumba kilipata wateja. Tatizo ni kwamba fundi wake alitumia paini ya kawaida kwenye mabenchi. Chumba kilipopata moto, utomvu ukaanza kutoka kwenye vifundo vya mbao, na bibi harusi mmoja alikaa, akaegemea, akashindwa kunyanyuka. Walimbandua kwa mafuta ya nazi, siku moja kabla ya ndoa. Bi Zubeda alikuja karakana na gari la kukodi, akashuka akiwa bado anazungumza.

"Mmesikia lakini? Mama mkwe wake yule mtoto ametaka kunipiga! Nataka mbao isiyolia!"

Tulimtengenezea mabenchi ya mbao iliyookwa. Utomvu wote huwa umeshatoka tanurini, na mbao hiyo haishiki joto sana, mtu anaikalia bila kuruka. Skrubu tulizifunga kutokea chini, maana chuma kwenye sauna kinachoma ngozi kama pasi. Bi Zubeda alinilazimisha niingie kuyajaribu. Nilikaa humo na khanga, jasho likinitiririka hadi machoni, nikimsikia nje ya mlango akiuliza, "Inalia? Mama Tanuri, inalia?" Haikulia. Baada ya hapo maagizo yakaanza kuja, ya baraza, ya ngazi za kushukia ziwani, hata kuta za nje.

Lakini kadiri tulivyooka, ndivyo ugomvi ulivyokua na majirani zetu wa mwalo. Kila tanuri lilipofika kwenye joto la juu, moshi mwembamba ulitoka kwenye bomba, na upepo wa ziwa ukiukamata uliupeleka moja kwa moja kwenye dagaa. Kiongozi wa wale akina mama aliitwa Mama Nyanjura, Mjita, mjane, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko mbali. Alikuja getini mara kwa mara, na kila mara alimtaka Masalu.

"Wanunuzi wangu wa Usagara wanasema dagaa wananuka sukari iliyoungua. Nani atawanunua?"

"Mama, moshi unakwenda unakopelekwa na upepo."

"Upepo hujaujenga wewe. Tanuri umelijenga wewe."

Masalu akarudi ndani. Karim alirefusha bomba, ikasaidia kidogo. Mama Nyanjura akasema imesaidia kidogo, kwa sauti ile ile. Akina mama wakaacha kutusalimia. Kwa watu wanaotazamana kila siku kupitia uzio wa waya, kutosalimiana ni kazi ngumu.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mmeisikia vipande vipande.

Tulikuwa na shehena kubwa ya hoteli moja, tanuri liko kwenye joto la juu kabisa, na ilikuwa asubuhi yenye jua. Umeme ukakatika. Hilo lilikuwa la kawaida, na jenereta lilikuwa linawaka lenyewe. Siku hiyo halikuwaka. Fundi umeme alihangaika nalo, likakohoa, likanyamaza. Pampu ya kupeleka maji kwenye boila ikasimama, mvuke ukaanza kupungua, na mimi nikiwa mbele ya vipimo nikaona joto la ndani halishuki. Lilikuwa linapanda. Mbao ikishafika pale huzidi kujipasha yenyewe. Halafu nikaona moshi wa kahawia unatoka kwenye ukingo wa mlango. Maana yake ni kwamba hewa ilikuwa imepata njia ya kuingia.

Karim alikuja anakimbia. "Fungueni mlango! Tuzitoe kabla hazijashika!"

Hakusema ujinga. Mtu yeyote akiona mali inaungua anataka kuitoa. Lakini Masalu alisimama kati yake na mlango, mikono ameinyoosha.

"Karim, ukifungua, hewa yote inaingia kwa mkupuo. Moto utatoka na sisi wote."

"Tukiacha, je?"

"Tunalowesha kutoka ndani."

Juu ya mwamba nyuma ya karakana tulikuwa na tangi la maji, na bomba lililoshuka mpaka kwenye matundu ya kunyunyizia yaliyoko ndani ya tanuri. Maji hayo hayakuhitaji umeme, yanashuka kwa uzito wake. Koki yake ilikuwa ubavuni mwa tanuri, na ilikuwa imekaa bila kuzungushwa kwa muda mrefu. Karim aliitazama ile koki, akamtazama Masalu, kisha akageuka na kuanza kuupanda mwamba ili akaangalie maji yaliyomo.

Masalu alivaa glavu za ngozi, akashika koki. Haikutikisika. Akaegemeza uzito wake wote. Ilipogeuka robo, ungio la bomba likaachia na mvuke uliobaki ndani ukafoka, ukampata mikononi na kupanda hadi kwenye viwiko. Nilimwona amefumba macho. Nilipiga kelele aachie. Hakuachia. Alizungusha mpaka mwisho, tukasikia maji yanapiga ndani ya tanuri, sauti kama mafuta ya kukaangia samaki. Ndipo akaketi chini. Nilimvua zile glavu nikaona ngozi inataka kutoka nazo, nikaacha, nikamimina maji ya kunywa juu yake, chupa baada ya chupa. Alikuwa anatetemeka na kusema, "Angalia kipimo, Koku. Mimi nipo. Angalia kipimo."

Kutoka juu ya mwamba Karim akaita, "Tangi liko nusu! Halitatosha!"

Pampu ya kulijaza ilikuwa ya umeme pia. Nilitazama kipimo. Joto lilikuwa limeanza kushuka, lakini maji yakikatika lingepanda tena, na kando ya tanuri kulikuwa na stoo ya mbao kavu, kisha uzio, kisha vibanda vya akina mama.

Getini akasimama Mama Nyanjura. Alikuwa ameuona moshi, na uso wake ulikuwa umeshajiandaa kwa maneno. Akamwona Masalu chini, akaniona mimi.

"Nini?"

"Maji," nikasema. "Tangi la juu. Tukikosa maji moto unatoka."

Hakuuliza la pili. Aligeuka na kuita kwa Kijita, sauti ile ya kuita mitumbwi. Nilichosikia ni ndoo zinamwagwa. Dagaa wabichi, wa siku nzima, wakamwagwa mchangani ili ndoo zipatikane. Akina mama wakajipanga kutoka majini, wakapita kwenye pengo la uzio, wakapanda mwamba, na vibarua wetu wakaingia katikati yao. Ndoo zilipanda zimejaa, zikashuka tupu. Karim alikuwa juu kabisa, amevua shati, anamimina. Mzee Nurdin, ambaye hata ngazi za ofisini zilimchosha, alisimama kwenye mstari akipokea karai kutoka kwa mwanamke ambaye miaka yote alimsikia akimlaani. Mama Nyanjura aliponipita na ndoo kichwani alisema, "Leo nilikuja kugombana. Nitagombana kesho."

Tulifanya hivyo hadi kuta za tanuri zikapoa kiasi cha kuwekea kiganja. Mlango haukufunguliwa siku ile. Tulipoufungua tulikuta sehemu ya mbele imekuwa mkaa na iliyobaki imeharibika kwa maji. Hakuna aliyekufa. Bosi alimpeleka Masalu hospitali kwa gari lake mwenyewe, na mimi nilikaa kiti cha nyuma nimemshikilia mabega kwa sababu mikono haikuwa ya kushika.

Masalu alitoka hospitali na bandeji mpaka viwikoni. Mke wake alikuwa amefariki zamani na watoto wako Dar, kwa hiyo badala ya kukaa nyumbani peke yake alikuja karakana kila siku, akaketi kwenye rundo la mbao na kutukosoa. Kulikuwa na kazi moja aliyotaka ifanyike kabla ya kuwasha tanuri kwa mteja mwingine. Alimwambia Karim, "Wale akina mama walimwaga dagaa wao. Tuwajengee vichanja." Karim akasema alikuwa anafikiria hilo hilo. Vichanja vyao vya kuanikia vilikuwa vya miti ya porini, vinaoza kila masika, na dagaa wakianguka mchangani bei inaanguka nao.

Tulitengeneza kwa mbao iliyookwa. Miguu hatukuifukia, tuliisimamisha juu ya mawe, na mawe Mwanza hayaagizwi. Kila tundu la skrubu nililitoboa mimi, Masalu akielekeza kwa kidevu. Karim alirefusha bomba la moshi mara ya pili na kuligeuzia upande wa mwamba. Mama Nyanjura alikuja kukagua. Aliinama akanusa mbao, akainuka.

"Itawatia harufu dagaa wangu?"

"Harufu inaondoka ikipigwa na jua," Masalu akasema.

"Tutaona."

Siku chache baadaye alikuja na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Ndani kulikuwa na ugali na dagaa wa kwanza waliokauka kwenye vichanja vipya, wamekaangwa na nyanya. Tulinawa, tukazunguka. Masalu alibaki pale kwenye rundo lake. Kwa kawaida nilikuwa namlisha mimi, baada ya wengine kumaliza ili asione haya, na kwa kijiko. Kabla sijainuka, Mama Nyanjura alinawa mikono, akakaa karibu naye, akafinyanga tonge, akalichovya, akampelekea mdomoni. Masalu alimtazama. Kila mmoja uani akaanza kushughulika na tonge lake kama hakuona kitu.

Masalu akatafuna, akameza.

"Hawanuki mbao," akasema.

"Sikukuuliza hilo. Chumvi imetosha?"

"Imetosha. Wabeja," akamshukuru kwa Kisukuma.

Alimlisha mpaka sufuria ikaisha. Na kesho yake alikuja getini kugombana kuhusu magari ya mbao yanayofunga njia ya mwaloni, kama alivyoahidi.

Mikono ya Masalu ilipona kwa makovu. Vidole viwili havikunyooka tena, lakini kifundo cha kugongea mbao kilibaki kizima. Alifanya kazi miaka kadhaa, akastaafu, akarudi kwao Misungwi, na huko ndiko tulikomzika. Akina mama wa mwalo walikuja na gari zima. Mama Nyanjura alilia kwa ile sauti yake, na hakuna aliyemwambia apunguze.

Mimi niliendelea na tanuri, na mengine mnayajua kwa kuwa mlikuwepo. Wiki yangu ya mwisho wengi mlikuwa mnaandaa sherehe na kujifanya hamwandai. Mimi nilikuwa sipo uani kwa sababu Mama Nyanjura, ambaye sasa anatembea na mkongojo, alikuwa amekuja kulalamika kwamba kichanja kimevunjika na kwamba tuliwadanganya. Nilikwenda. Ubao mmoja ulikuwa umekatika katikati, bila kuoza hata chembe. Kijana wa mitumbwi alikuwa ameukanyaga.

"Hii haikanyagwi, mama. Nilisema tangu mwanzo."

"Ulisema. Nani anakumbuka ulichosema?"

Nilipima ubao mpya, nikatoboa, nikafunga skrubu. Yeye alishika upande wa pili ili usicheze. Nilipomaliza aliutikisa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nimesikia unaondoka."

"Ijumaa."

"Kingine kikivunjika nimwite nani?"

"Neema."

"Anatoboa kwanza, au anapiga tu misumari?"

"Anatoboa kwanza."

Alifikiri kidogo, akaweka mkongojo pembeni, akaanza kuwamwaga dagaa wabichi juu ya ubao mpya na kuwatandaza kwa viganja. Nilikunja suruali, nikamsaidia kutandaza mpaka kichanja kikajaa.